Arubaini, Saba, Wawili: Somo la Jumuiya Nililolipata Sidab

 

Wahariri wameniomba niandike somo la toleo hili kwa ajili ya wanachama wapya. Kwanza nilitaka kuandika juu ya "umuhimu wa umoja" kama kawaida yetu. Lakini umuhimu wa umoja tunaujua sote, tumeuimba tangu skuli ya msingi. Tusichokijua vizuri ni kitu kingine: nani anayeturuhusu kuungana, anaturuhusu kwa masharti gani, na siku akibadili mawazo sisi tunafanya nini. Somo hili mimi sikulipata darasani. Nililipata Sidab, barazani kwa ami yangu, tena nililipata kwa aibu kidogo.

Ukimaliza kusoma, natumai utaweza kufanya mambo matatu:

1. Kueleza asasi za kiraia ni nini, na kwa nini zinahitaji nafasi ya kupumua.
2. Kutofautisha nchi ambamo jumuiya hutoa taarifa tu, na nchi ambamo jumuiya huomba ruhusa.
3. Kujua la kufanya ili jumuiya yetu hii isife kwa uzembe wetu wenyewe.

KISA CHENYEWE

Sidab ni kijiji cha wavuvi, Muscat. Kutoka Muscat ya zamani, kule penye kasri ya Al Alam, ni mwendo mfupi tu kwa gari. Milima myeusi nyuma, bahari mbele, na nyumba zimebanana katikati. Asubuhi boti za faiba zinaingia na jodari na nguru, na harufu yake ukiifumba macho unaweza kudhani uko Malindi, Unguja. Ami yangu anaishi hapo. Yeye ni katika wale Waomani wa Zanzibar waliokwenda Oman katika miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman walio nje warudi kujenga. Kiarabu anakisema, lakini akikasirika anarudi kwenye Kiswahili. Kwa hiyo siku ile nilikisikia Kiswahili vizuri sana.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwake likizo. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo ya jumuiya yetu ya huku chuoni. Nikaona: Muscat kuna vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma, na wengine wamekuja likizo kama mimi, mbona hawana chama? Nikapanga mkutano nyumbani kwa ami. Nikaandika ratiba: hotuba ya mgeni rasmi, uchaguzi wa viongozi wa muda, kadi za uanachama, na mchango wa riali mbili mbili kwa ajili ya kijana mmoja ambaye ada ilikuwa imemkwama. Tangazo nikalituma kwenye makundi ya simu matatu. Halafu ndipo nikamwambia mwenye nyumba.

"Ami, Ijumaa tutakuwa na mkutano hapa."

"Mkutano wa nini?"

"Wa kuanzisha chama cha wanafunzi."

Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Na kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini, ami? Watu ishirini tu, tunakula biriani."

"Biriani mle. Sijakukataza biriani. Kadi za nini? Fedha unakusanya kwa jina la nani? Huyo mgeni rasmi nani kamruhusu kuhutubia? Mwanangu, wewe utapanda ndege urudi Ulaya. Mimi mlango huu ndio wangu."

Nilinyamaza. Usiku ule akaniita jirani yake, mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi za ofisi za serikali maisha yake yote, anifahamishe taratibu. Mzee yule hakunigombeza. Alinieleza sheria kwa utaratibu, kama anavyomweleza mtu njia ya kwenda sokoni. Na mimi hapa nitajaribu kueleza kwa utaratibu uleule.

TUANZE NA MANENO

Asasi za kiraia, au kwa kifupi AZAKI kama wanavyosema Bara, ni vyama vyote ambavyo watu wanaviunda wenyewe kwa hiari, si serikali na si biashara. Jumuiya ya wazazi wa skuli, chama cha kuzikana, kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, chama cha wafanyakazi, klabu ya mpira, taasisi ya kutetea haki, na hata sisi hapa, sote tumo.

Nafasi ya kiraia ni ule uwanja ambamo vyama hivyo vinaishi. Mimi napenda kuufananisha na baraza la nje ya nyumba kwetu Zanzibar. Baraza si ndani kwa mtu, na si barabarani. Watu wanakaa, wanacheza bao, wanasomeana gazeti, wanamsema sheha, wanapanga harusi na mazishi. Hakuna aliyewapa cheti cha kukaa. Sasa fikiria mtu anakuja anasema: kuanzia leo, anayetaka kukaa barazani aandike barua, ataje mtakaloongea, na asubiri majibu. Baraza litakuwepo bado, mawe yake yaleyale. Lakini watakaokaa watapungua, na watakaokaa wataongea mambo ya mvua tu.

Nafasi hiyo ina miguu mitatu: haki ya kujiunga, haki ya kukutana kwa amani, na haki ya kusema. Ukivunja mmoja, kiti kinaanguka.

SHERIA ALIYONIELEZA MZEE

Oman ina Sheria ya Msingi ya Dola, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na kuandikwa upya mwaka 2021. Ile ya 1996, katika kifungu cha 33, iliwapa watu uhuru wa kuunda jumuiya kwa misingi ya kitaifa, kwa malengo halali na kwa njia za amani. Uzuri huo. Lakini kifungu kilimalizikia kwenye maneno ambayo mwanafunzi wa sheria anayajua: kwa mujibu wa masharti ya sheria. Basi usisome katiba ukalala. Ifuate hiyo sheria inayotajwa, ndimo mlimo mambo.

Sheria yenyewe ni ya Jumuiya za Kiraia, Amri ya Kifalme namba 14 ya mwaka 2000. Ilivyotoka, ilitaka waanzilishi wasiopungua arubaini. Ilitaka jumuiya isajiliwe na wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii kabla haijaanza kazi. Ilikataza jumuiya kujiingiza katika siasa, na ilikataza makundi ya kikabila na ya kimadhehebu. Ilitaka kibali cha kabla kwa mihadhara na sherehe za hadhara, kwa kupeleka ujumbe nje ya nchi au kupokea ujumbe wa kutoka nje, na kwa kupokea fedha za nje. Ratiba yangu ya Ijumaa, nikaihesabu: ilikuwa imevunja karibu kila mstari!

"Lakini mzee," nikamwambia, "si mna jumuiya nyingi tu?"

Akasema zipo, na hapa niwe mkweli, maana kuna watu huku wanadhani Ghuba hakuna kitu. Jumuiya ya Wanawake wa Oman ilianza Muscat mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jumuiya ya Mazingira ya Oman ilianzishwa mwaka 2004. Dar Al Atta'a, inayosaidia familia maskini, ilianza na kinamama waliojitolea kabla haijapata usajili. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa havipo kabisa. Sheria ya kazi ya 2003 ikaleta kamati za uwakilishi tu, marekebisho ya 2006 yakaruhusu vyama kamili, na mwaka 2010 likaundwa Shirikisho Kuu la Vyama vya Wafanyakazi. Hapo hapo Sidab kuna klabu ya Ahli Sidab, iliyotokana na kuunganishwa kwa Ahli na Sidab, yenye mpira wa miguu, wa mikono na wa magongo. Vijana wa mtaa wanajifunza humo kuchagua nahodha na kugombana kwa adabu.

Na wavuvi wana kitu kizee kuliko sheria zote hizi: sunan al-bahr, yaani desturi za bahari. Nani atupe nyavu wapi, nani kamtangulia nani, nyavu zikigongana nani alipe. Desturi hizi zilikuwa za wavuvi wenyewe, serikali baadaye ikazitambua na kuziwekea kamati katika wilaya chini ya liwali. Mkenya au Mtanzania wa pwani atazifananisha na kamati zetu za usimamizi wa fukwe, zile za BMU.

Kwa hiyo watu hawakukosa vyama. Walichokosa ni kuvianzisha bila kuomba, na kusema ndani yake mambo makubwa bila kuogopa. Mwaka 2011, watu walipoandamana Sohar na miji mingine wakidai kazi na mageuzi, serikali iliahidi nafasi nyingi za ajira, lakini mwaka uleule sheria za mikusanyiko ziliongezwa ukali. Na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2018 iliweka kifungo kirefu kwa anayeunda chama chenye lengo la kupinga misingi ya kisiasa, kiuchumi au kijamii ya dola. Maneno mapana kama hayo, ndugu zangu, ndiyo ya kuogopwa. Mtego wa samaki unajulikana kwa ukubwa wa matundu yake. Sheria yenye maneno mapana ina matundu madogo, inanasa mpaka dagaa.

MKENYA ALIYEKWENDA MUSCAT

Yapo mambo yanayomhusu mmoja wetu. Mwaka 2010 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda kazi mpya ya mtaalamu maalumu wa haki za kukutana kwa amani na kujiunga. Wa kwanza kuishika, kuanzia 2011 mpaka 2017, alikuwa Maina Kiai wa Kenya, aliyewahi kuongoza Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi yake. Septemba 2014 serikali ya Oman ilimkaribisha, akakaa siku sita, na ripoti yake ikasomwa Geneva mwaka 2015.

Kiai hakuficha mazuri. Alikiri maendeleo makubwa tangu 1970 na utulivu wa nchi. Lakini alisema utulivu hauwezi kuwa sababu ya kuzifunga haki hizi, na kwamba mipaka iliyowekwa ilikuwa mikali kiasi cha kuifuta haki yenyewe. Alieleza pia watu wanaoogopa kukutana naye. Mwanaharakati mmoja wa Dhofar aliyekutana naye alikamatwa na kufungwa baadaye, na Umoja wa Mataifa ukalipinga jambo hilo hadharani.

Kwa somo letu, chukua kanuni aliyokuwa akiirudia kila nchi aliyokwenda, tangu ripoti yake ya kwanza ya mwaka 2012: uhuru ndio asili, kuzuia ndiko kunakotakiwa kutolewa sababu. Kutokana na hapo anatenganisha mifumo miwili:

Mfumo wa taarifa: mnaunda chama, mnaiarifu ofisi, basi. Ofisi ikiwa na tatizo ndiyo iende kueleza mahakamani.

Mfumo wa ruhusa: mnaomba, mnasubiri, na mkikataliwa ninyi ndio mnaobeba mzigo wa kubisha.

Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu anayeishi Sidab, au Gulu, au Bukavu, ni tofauti ya nani anayelala vizuri.

TUSIWACHEKE WENZETU: YA KWETU NYUMBANI

Niliporudi barazani na kuanza kulalamika juu ya Oman, ami akacheka. "Unadhani sisi tulizaliwa waoga? Tumejifunza Unguja." Baada ya Mapinduzi ya 1964 vyama vyote vilipigwa marufuku isipokuwa kimoja, ASP. Kijana wa wakati ule alijua kwamba jina lako kwenye daftari la chama cha jana linaweza kuwa shitaka lako la kesho.

Na Bara je? Hapa pana hadithi ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania angefaa kuijua. Mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa, Waingereza walileta Sheria ya Vyama, inayotaka kila chama kisajiliwe. Kwa sheria hiyo waliyanyima usajili matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo lilidumu mpaka 1958. Uhuru ukaja 1961. Waingereza wakaondoka. Sheria ikabaki.

Miaka ikapita. Katikati ya miaka ya tisini wanawake wakaunda BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, mwenyekiti wake akiwa Anna Tibaijuka. Likaenea nchi nzima, likafundisha wanawake haki zao za ardhi na za kupiga kura. Serikali ikasema linafanya kazi za chama cha siasa. Mwaka 1996 likasimamishwa, 1997 likafutwa, na sheria iliyotumika ni ileile ya 1954! BAWATA wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 2009, miaka 12 baadaye. Ushindi ni ushindi, na hukumu ile inafundishwa. Lakini chama si mti wa mnazi, ukauacha miaka 12 ukaukuta umesimama.

Hapa ndipo ninapotaka msimame kidogo. Sheria ya vyama haimjui aliyeitunga. Aliyeitunga kumzuia mkoloni wake, au mpinzani wake, ataondoka, na mwingine atakuja kuiokota. Kwa hiyo unapomshangilia mtawala unayempenda anapokifunga chama usichokipenda, jiulize nani atakayeushika ufunguo huo miaka arubaini ijayo.

Mifano mingine nitaipitia haraka:

Tanzania, Septemba 2005: HakiElimu walizuiwa na wizara kuchapisha habari za skuli baada ya kuikosoa elimu. Mgogoro ulimalizika 2007. Wao hawakufa, kwa sababu walikuwa na hesabu safi, mawakili, na wananchi waliozizoea kazi zao.

Kenya, Januari 2013: Rais Kibaki alitia saini sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, nzuri kuliko ile ya 1990. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukaletwa mswada wa kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa fedha za nje. Asasi zikaungana, zikapiga kelele, Bunge likaukataa. Lakini sheria ile nzuri ilikaa kabatini, hata baada ya mahakama kuamuru ianze, mpaka tarehe 14 Mei 2024. Miaka 11!

Uganda, Agosti 2021: ofisi ya mashirika yasiyo ya serikali ilisimamisha mashirika 54 kwa mpigo, mengine kwa makosa ya karatasi tu, kama vibali vilivyokwisha muda au hesabu zisizopelekwa. Kumbukeni hilo la karatasi, nitalirudia.

NA ULAYA TUNAKOSOMA?

Hapa ndipo wengi wetu tunapolala usingizi. Tunafika, tunaona kuna jumuiya ya Wakenya, ya Watanzania, ya Waganda, kila kona, tunadhani iko kama hewa. Hebu tuhesabu.

Oman, kwa sheria ile ya 2000, watu arubaini. Ujerumani, chama kinachotaka kusajiliwa kinahitaji waanzilishi saba. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 1 Julai 1901, wawili wanatosha, na wanatoa taarifa tu. Uingereza, mkikubaliana na kuandika katiba yenu, chama kipo, bila hata kumwarifu mtu. Masuala ya usajili wa hisani na ya benki yanakuja baadaye.

Ni uhuru mkubwa, na haukudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 serikali ya Ufaransa ilitaka kugeuza taarifa kuwa ruhusa, yaani vyama vichunguzwe kabla ya kuzaliwa. Baraza la Katiba lilikataa tarehe 16 Julai 1971, na uamuzi huo mpaka leo ni nguzo. Lakini sikilizeni hili: uhuru wa 1901 ulikuwa wa nani? Kuanzia amri ya Aprili 1939, wageni walilazimika kuomba ruhusa ya serikali ndipo waunde chama. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 1981. Maana yake, mwanafunzi Mwafrika aliyesoma Paris mwaka 1975 hakuwa na haki aliyonayo mwenzake Mfaransa waliyekaa naye dawati moja. Alikuwa akiomba kibali, kama mimi Sidab.

Hata leo mgeni asome maandishi madogo. Katiba ya Ujerumani, katika vifungu vya 8 na 9, inawapa haki ya kukutana na kujiunga "Wajerumani wote". Sisi wengine tunapata haki hizo kupitia sheria za kawaida na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kifungu cha 11. Na mkataba huo, kifungu cha 16, unaziruhusu nchi kuwawekea wageni mipaka katika shughuli za kisiasa. Mlango uko wazi, lakini tuujue ni mlango wa nani.

Wenyewe kwa wenyewe pia wanabanana. Mwaka 2017 Hungary ilitunga sheria ya kuyalazimisha mashirika yanayopokea fedha za nje kuvuka kiwango fulani yajiandikishe na kujitangaza kuwa yanafadhiliwa na wageni. Wimbo wa fedha za nje, tumeusikia Nairobi, tumeusikia Kampala, kumbe Budapest wanaujua pia. Tume ya Ulaya iliipeleka Hungary mahakamani, na tarehe 18 Juni 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema sheria ile inavunja haki ya kujiunga na faragha ya wafadhili. Hungary ikaifuta mwaka 2021. Halafu mwaka 2023 ikaunda ofisi ya "kulinda uhuru wa taifa", yenye mamlaka ya kuwachunguza wenye fedha za nje. Mlango ulifungwa, dirisha likafunguliwa.

Tunajifunza nini? Kwamba kinachoilinda nafasi ya kiraia si bara wala rangi. Ni vitu vitatu: sheria yenye maneno finyu, mahakama isiyoagizwa, na watu wanaosimama mapema, kabla chama cha jirani hakijafungwa. Oman, Tanzania, Ufaransa, Hungary: angalia kipi kati ya vitatu kilikuwepo na kipi kilikosekana, utaona kisa chote.

BASI TUFANYE NINI?

Sisi si wabunge. Lakini tuna chama, na kuna mambo ambayo yako mikononi mwetu.

Kwanza, karatasi. Mashirika mengi hayafi kwa risasi, yanafa kwa karatasi. Katiba ya jumuiya iwepo, imesainiwa, na nakala asiwe nayo katibu peke yake kwenye kompyuta yake. Muhtasari wa kila mkutano uandikwe. Mweka hazina atoe risiti hata ya pauni moja. Anayetaka kukufunga ataanza kwa kukuuliza hesabu, na kama huna, umemfanyia kazi yake.

Pili, someni sheria ya mahali mlipo kabla ya kutuma tangazo. Msifanye kama mimi. Someni ile inayotumika sasa, si mliyoambiwa na mtu aliyehitimu zamani.

Tatu, yatunzeni majina. Orodha ya wanachama, namba za simu, picha za mikutano, si vitu vya kumwaga ovyo. Kwako wewe uliye Leeds au Leipzig ni picha ya sherehe. Kwa mwanachama ambaye wazazi wake wako mahali pengine, inaweza kuwa kitu kingine. Muulize kwanza.

Nne, msimtume mtu wa nyumbani kubeba mzigo mnaouona mwepesi kwa sababu ninyi mko mbali. Ukitaka ndugu yako asaini, ahutubie, apokee fedha, mweleze hatari yote, umwache aamue mwenyewe. Neno la ami, "mimi mlango huu ndio wangu", mimi nimelibandika ukutani.

Tano, jengeni ujirani. Chama cha wanafunzi wa Afrika kikijuana na umoja wa wanafunzi wa chuo, na wanasheria wa chuo, na jumuiya za wenyeji, hakiguswi kirahisi. Na mkisikia jumuiya nyingine inaonewa, hata ile mnayoshindana nayo kwenye mpira, semeni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUMALIZIA

Mtauliza, Ijumaa ile iliishaje? Tulikula biriani. Watu kumi na sita walikuja, mke wa ami alipika, tukaongea Kiswahili mpaka usiku. Hakukuwa na hotuba, wala kadi, wala uchaguzi, wala fedha iliyokusanywa kwa jina la chama. Yule kijana wa ada, kila mtu alimpa alichonacho mkononi mwake, kimya kimya, wakati wa kuagana. Hakikutosha. Aliahirisha masomo muhula mzima.

Ami hakukosea, aliilinda nyumba yake, na mimi ndiye niliyekosa adabu kwa kutangaza mkutano kabla ya kumuuliza. Lakini kila mwaka tunapopitisha hapa kwetu kofia ya mfuko wa dharura, na mweka hazina anapoandika risiti, namkumbuka kijana yule. Jumuiya yenye daftari, akaunti na mikutano ya wazi ingemfikisha kwenye mtihani. Jambo dogo, lakini ndilo jambo lenyewe.

Kwa hiyo mkutano mkuu ukitangazwa, njooni. Msiseme mna kazi. Kuna watu wanaohitaji wenzao arubaini na kibali kupata hicho tunachokipata sisi kwa kutembea hatua mbili kutoka maktaba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nchi unayosoma, chama hutoa taarifa au huomba ruhusa? Je, mgeni na mwenyeji wana haki sawa?
2. Hoja ya "fedha za nje" ina ukweli wowote? Utailinda vipi nchi dhidi ya fedha chafu bila kuzinyonga asasi safi?
3. BAWATA walishinda kesi baada ya miaka 12. Chama kifanye nini ili kiwe hai wakati kesi iko mahakamani?
4. Ungekuwa wewe ndiye ami, ungenijibuje? Na ungekuwa mimi, ungemsaidiaje yule kijana?

Majibu yenu yaleteni kwenye kikao cha mwezi ujao. Chai ipo, na mandazi yapo. Kibali hakihitajiki.